Finjani ya Mjomba Safwan

"Itupe! Nimekwambia itupe, Jaifar, na usinitazame hivyo kama mie ndiye mwenye maradhi!"

"Siitupi."

"Basi nipe niivunje mwenyewe!"

"Mama, umevaa glavu juu ya glavu. Kwa finjani ya kahawa?"

"Na ningekuwa na za tatu ningevaa za tatu! Wewe umetia mkono mtupu ndooni. Mkono huo huo ukalie wali, kisha uje unishike nguo. Ya Rabbi, mtoto huyu kazaliwa bila ya kinyaa!"

Jikoni kwao Bawshar siku hiyo hapakuwa pa kukaa mtu mwenye pua. Klorini ilimwagwa bila kipimo mpaka macho yanachoma. Chini ya klorini kuna iliki ya kahawa, chini ya iliki kuna mafuta ya sambusa yaliyoganda karaini, na harufu hizo tatu zikikutana unapata kitu kama hospitali iliyofungua mgahawa. Katikati ya sakafu ndoo ya buluu. Ndani ya ndoo finjani tano zimezama, nyeupe, zina ukingo wa dhahabu, kama meno ya bandia. Ya sita ilikuwa kiganjani mwa Jaifar, inamdondokea kwenye kanzu mpya ya rangi ya zambarau hafifu, na kanzu ishaanza kufanya mabaka.

Kwenye friji kaegemea dada yake, Lujain, bibi harusi mtarajiwa, kajiziba pua na mdomo kwa ncha ya mtandio. Uso wa sherehe bado anao, wanja na kila kitu, ila macho yamemtoka.

"Jaifar, mwambie mama ukweli," akasema kwa ndani ya mtandio. "Babake Majid kainywea hiyo, au hakuinywea?"

"Kainywea. Mara tatu."

Lujain akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga kombamwiko bila kiatu.

Wageni walikuwa hawajatimiza hata nusu saa tangu waondoke. Walikuja baada ya Alasiri, wanaume kumi na wanne, kupanga siku ya akdi ya Majid na Lujain. Wamekula halua, wamekunywa kahawa, siku wameipanga, ni mwezi ujao. Baba yao, Bwana Ghanim, akatoka kuwasindikiza mpaka kwenye magari yao, na wanaume wa Kiomani wakisindikizana magarini ujue hapo pana nusu saa nyingine ya "haya basi" na "inshallah". Kabla ya kutoka alimwambia mkewe maneno mawili tu: "Maliza hili."

Na hili lenyewe lilianza hivi.

Bi Kheiria, mama yake Jaifar, ana ndugu yake mdogo, Safwan, mwenye umri wa miaka arubaini na moja, fundi wa lifti. Miaka yote akikaa peke yake kwenye fleti Khuwair ya Kusini, na kila Ijumaa anakuja kula kwao, anakaa chini na Jaifar wanagombania ukoko wa pilau. Miezi minane nyuma akashikwa na homa ya mapafu isiyotoka. Hospitali wakampima hiki na kile, mwisho wakampima damu, wakamwita pembeni. Ukimwi haujafika, walimwambia, lakini kirusi chake kimo, na kimeshakula askari wengi wa kinga. Bi Kheiria akamchukua, akamweka chumba cha nje, kile karibu na geti, akalia siku tatu. Siku ya nne akaanza kutenga vyombo.

Sahani yake ya plastiki ya kijani. Kijiko chake kimefungwa uzi mweusi kwenye mpini. Taulo lake linafuliwa mwisho, peke yake, na mashine baadaye inazungushwa tupu mara mbili. Bibi Mahfoudha, mama yao mzazi, hakuambiwa kitu. Aliambiwa Safwan ana mapafu. Kapataje, hakuna aliyemwuliza. Waliamua wenyewe kimoyomoyo, kila mtu na jawabu lake, na majawabu yote yalikuwa machafu.

Na finjani? Bibi Mahfoudha ana seti yake ya finjani sita, kaitunza kuliko dhahabu yake. Safwan hawezi kuishi bila kahawa, na mama yake alishazoea kumtilia kwenye hizo. Angenyimwa, bibi angeuliza. Basi ikatengwa moja, na ili isichanganyike ikapigwa alama chini, kitakoni, tone la rangi nyekundu ya kucha, dogo kama punje ya dengu. Rangi ilikuwa ya Lujain. Amri ilikuwa ya mama.

Mkono ulikuwa wa Jaifar.

Hilo ndilo lililokuwa likimchoma pale jikoni, wala si klorini. Aliipiga ile alama mwenyewe, usiku wa nne tangu mjomba aje na begi lake, akaipuliza ikauke, akaona kafanya jambo la maana. Tena alikuwa akifungua mlango wa mjomba kwa kuvuta mkono wa kanzu ufunike vidole. Akitoka anaosha mikono mpaka kwenye viwiko. Hakuambiwa na mtu. Mwili wenyewe ulikuwa ukisisimka.

Na mlango ule haukuwa ukifunguliwa ovyo. Safwan alipoona chakula kinaachwa kizingitini na dada yake anaondoka mbio kabla hajatokea, akaacha kufungua. Ubishe, uite, kimya. Jaifar peke yake ndiye aliyekuwa akifunguliwa, na alikuwa na namna yake: anagonga mara mbili, kisha anaita, "Fundi!" Ukigonga tu bila kuita, hafungui. Ukiita bila kugonga, hafungui. Lazima vyote viwili.

Kabla ya mtihani wa bayolojia wa kumalizia shule, Jaifar alikwenda huko na kitabu. Somo la virusi lilikuwa limemshinda. Kitabuni pana picha ya kidude cha mviringo chenye pini mwili mzima, na maneno mengi ya vipokezi, vipokezi, vipokezi. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mjomba kitandani, baina yao nafasi ya kuegesha gari.

"Niulize mie," Safwan akasema. "Kitu hicho nimekisoma kuliko mwalimu wako. Hebu nambie, mlango wa lifti, ule wa kwenye ghorofa, ushawahi kuufungua kwa mkono?"

"Haufunguki."

"Haufunguki kwa sababu una komeo kwa ndani, na kwenye komeo pana vigurudumu viwili vya mpira. Lifti ikifika inakuja na ulimi wa chuma. Ulimi unavishika vile vigurudumu, komeo linanyanyuka, mlango huo! Ghorofa yenyewe haijui nani kaja. Imeshikwa pale pake pa kushikwa, imefungua."

"Sawa."

"Sasa hizo seli za kinga, hizo nyeupe, askari wako wa damuni. Wale makamanda wao, wanaopiga mbiu adui akiingia, juu ya ngozi zao wana vipokezi. Kimoja kinaitwa CD4. Hakikuwekwa kwa ajili ya kirusi, la. Ndicho anachoshikia mwenziwe wakipeana khabari. Kuna cha pili, CCR5, hicho cha kusikilizia wito unatoka wapi. Vitu vya kheri vyote viwili. Kirusi changu mie," na alisema changu kama mtu anavyosema gari langu, "kina ulimi. Kinashika CD4 kwanza. Kikishashika, kinajigeuza umbo, kinatafuta cha pili. Kikikipata, ngozi yake na ngozi ya seli zinagandana, kiko ndani. Hakivunji. Hakitoboi. Kinafunguliwa, Jaifar. Kinafunguliwa na askari mwenyewe, kwa kilekile anachopeania mkono na wenziwe."

Jaifar akaacha kuandika. "Kinyaa hicho."

"Khasa. Mie kilichonitia kinyaa si kuumwa. Ni hiyo tabia."

"Na kisipokipata cha pili?"

"Kinabaki nje, kama lifti iliyokwama baina ya ghorofa mbili. Wapo watu, wachache, wamezaliwa seli zao hazina hicho cha pili. Aina nyingi za kirusi hiki zinawabishia mpaka zinachoka." Akatazama mlango, akatazama mkono wa kanzu ya Jaifar uliokunjika pale alipoushikia kitasa. "Finjani haina vigurudumu, baba. Kitasa cha mlango hakina. Nakunywa kidonge kimoja kila siku, na safari hii kipimo hakikukiona kirusi kabisa. Daktari kaniambia hata ningekuwa na mke nisingemwambukiza. Mke! Sembuse mtu wa kuniletea kitabu."

Mtihani ulipokuja, swali lilikuwa hilohilo. Jaifar akaandika ukurasa mzima, akaomba karatasi ya kuongeza. Aliporudi nyumbani akaenda kumpa mjomba khabari, wakacheka, akatoka, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko.

Yaani alikuwa anajua. Anajua, na bado anaosha.

Na leo sasa. Kahawa ya Kimanga haina kila mtu na chake. Kijana wa nyumba anasimama, dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, anamimina mafunda mawili, mgeni anakunywa, akitosheka anaitikisa finjani na kuirudisha. Finjani inachovywa kwenye bakuli la maji, inazungushwa, anapewa mwengine. Midomo kumi na minne, bakuli moja. Mzunguko wa pili maji yalikuwa yameshapata rangi ya maji ya mfereji. Mzunguko wa tatu yana vijinyuzi vya tende vinaelea. Babake Majid, mtu mkubwa mwenye mafua makubwa zaidi, alipiga chafya kiganjani, akajifuta kwenye paja, kisha vidole vitatu hivyohivyo vikazama kwenye sinia la halua, vikachimba, vikatoka, vikalambwa, vikarudi. Mwengine pembeni yake ana kidonda cha mdomo kinang'aa kama kimepakwa samli. Hapana aliyesisimka. "Karibuni, karibuni," anasema Bwana Ghanim. Mgeni mmoja akauliza, "Na mjombake bibi harusi, mbona hatumwoni?" Bwana Ghanim akajibu bila kumeza mate, "Safwan yuko kazini, lifti imekwama na watu ndani." Na chumba cha nje kilikuwa hatua kumi kutoka hapo, kimezimwa taa.

Jaifar alikuwa anamimina mzunguko wa pili babake Majid alipoinua kichwa kumalizia tone la mwisho. Kitako cha finjani kikamwelekea Jaifar. Nyekundu. Kama punje ya dengu.

Hapo hapo, kabla hata hajafikiri, kwapa zikamlowa, ulimi ukajaa mate ya kutapika. Alikuwa tayari kuipokonya mdomoni mwa mtu mzima. Kisha akaona pua ya yule mzee, na tone lililokuwa linaning'inia hapo linasitasita lianguke au lisianguke. Akajiuliza, sasa hapa najisi ni ipi? Akaichukua, akaichovya kwenye lile bakuli, akamimina tena.

"Mwanangu," yule mzee akasema safari ya tatu, kaigeuza, anaikodolea, "hii rangi ya nini?"

"Alama ya seti, ami. Bibi hapendi zipotee."

"Mashallah. Wanawake wa zamani."

Bibi ndiye aliyeileta, maskini. Alipanga sinia lake, akahesabu finjani tano, akasema wageni hawapewi seti pungufu. Akatoka na bakora yake mpaka kwa Safwan, akaikuta ya sita kidirishani kwa nje, akaiosha, akairudisha siniani kwa wenzake. Sasa hivi yuko chumbani kwake, kajilaza, karidhika, anajua kaokoa heshima ya nyumba.

Bi Kheiria aliiona wakati wa kuosha. Ndipo zikaja glavu.

"Mara tatu!" akapiga kelele sasa. "Na wewe umesimama na dele unatazama! Mtu mzima, mkwe wetu, unamnywesha uchafu!"

"Uchafu gani, mama? Mafua yake? Maana mafua ndiyo yatakayotuua humu. Jumapili sote tutakuwa tunapiga chafya, nyumba nzima, nitakukumbusha."

"Usinifanyie mzaha!"

"Kirusi cha mjomba hakipiti kwenye finjani. Nishakueleza mwezi wa Ramadhani, nikakueleza siku ya Idi. Hakina pa kushika. Kinataka kiingie damuni kikutane na askari, kimshike hapa na hapa. Kwenye mate hakiambukizi, kikikauka kinakufa. Na chake mwenyewe kimebanwa na dawa, kipimo hakikioni!"

"Hakikioni! Jini nalo halionekani!"

Lujain akacheka bila kutaka, kisha akaanza kulia. "Mie nimepimwa vipimo vya ndoa, nimetoka safi," akasema. "Majid katoka safi. Sasa wakisikia kwao kama mjomba yuko humu, na tunakula pamoja…"

"Hatuli pamoja," Jaifar akamkata. "Lini umekula naye? Tangu aje, lini? Ile sahani ya kijani umewahi kuiosha wewe? Hata kuitazama huitazami. Juzi ilikuwa na wali umekauka na nzi watatu, tangu mchana mpaka Isha, kwa sababu kila mmoja anamsubiri mwenziwe aiondoe pale kizingitini. Nikaiondoa mie. Kwa tishu."

"Ahaa!" mama yake akamwelekezea kidole cha mpira. "Kwa tishu! Na wewe unaona kinyaa! Basi usinipigie khutba!"

Jaifar alikuwa kashikwa pale pake pa kushikwa.

Bi Kheiria akaona kapata, akashusha sauti. Akavua glavu za juu, akabaki na za chini. "Sikiliza, baba," akasema, na sauti yake ikawa ile ya kumbembelezea mtoto dawa. "Yule mie nimembeba mgongoni. Nilikuwa na miaka sita, mgongo mdogo hivi, nakwenda naye dukani, nakwenda naye chuoni kusoma Kurani. Usidhani sina moyo. Lakini nyumba ina bibi harusi. Akdi mwezi ujao, watu wataingia na kutoka humu, atajificha mpaka lini? Babako kampatia chumba Sib, nyuma ya soko la samaki. Kina kiyoyozi. Keshokutwa gari linakuja."

"Keshokutwa?"

"Keshokutwa. Ila hajaambiwa bado."

"Mwambieni."

"Hafungui, Jaifar. Unajua hafungui. Babako kabisha jana, kabisha leo asubuhi. Anakufungulia wewe tu." Akafungua kabati, akatoa sahani ya kaure, nzuri, ya wageni, si ya kijani. Akaitia halua, kipande kikubwa, akakipamba na lozi mbili juu. Akaisogeza mezani. "Nenda umpelekee hii. Gonga kama unavyogonga, mwite hilo jina mnaloitana. Kaa naye kidogo, acha ale. Akishatulia mwambie polepole. Mwambie ni kwa ajili yake, hewa ya pwani nzuri kwa mapafu. Kwako wewe atakubali. Anakuamini."

Jaifar akaitazama ile halua. Ilikuwa inang'aa. Mafuta yalikuwa yanaitoka pembeni taratibu, yanaenea kwenye kaure, na kwenye upande mmoja pana mifereji mitatu ya vidole. Vya yule mzee. Mama yake kakata pale pale palipochimbwa, kwa sababu kumpa Safwan hapo hakuna khasara.

Na hapo ndipo kichefuchefu chenyewe kikamjia, kile cha kweli, si kile cha majlisini, mbele ya wageni. Si kwa vidole. Kwa ule mpango. Gonga mara mbili. Mwite Fundi. Acha akufungulie, kaa, mlishe, kisha mtolee khabari ya kuhama. Kitu cha kheri pekee kilichobaki baina ya chumba kile na nyumba hii, na wao wamekaa jikoni wanakipima kama kitawafaa kuingilia. Ukurasa mzima aliandika juu ya jambo hili. Na karatasi ya kuongeza.

"Huendi?" Lujain akauliza.

Jaifar akavuta dele, akalitikisa, bado pana kahawa. Akamimina kwenye ile finjani yenye alama.

"Jaifar!" mama yake akapiga ukelele. "Jaifar, wallahi ukifanya…"

Akainywa. Yote, funda moja. Na hapa angependa mtu asimulie kwamba alisimama imara kama mnara. La. Ilimpanda papo hapo. Akalirukia sinki, akainama, akatapika kahawa, akatapika sambusa, akatapika kitu cha manjano ambacho hakumbuki kukila, na pua ikatoka maji.

"Umeona?" mama yake akasema kwa ushindi wenye machozi. "Umeona? Mwili wenyewe umekataa!"

"Klorini, mama," akajibu, bado kainama. "Finjani umeiroweka kwenye klorini."

Alisema hivyo. Kama ilikuwa ni klorini peke yake, hilo hakulijua, na kutokulijua kulimtia kinyaa kuliko matapishi. Akafungua bomba, akasukutua, akasukutua tena. Akaiosha finjani kwa sabuni, ndani na nje, akaisuuza, akapitisha ukucha juu ya lile tone jekundu. Halikutoka. Alikuwa kalipiga vizuri.

"Sitamwambia," akasema.

"Utamwambia. Nani mwengine amwambie?"

"Wewe. Unatoka kwa mlango huu, unakwenda hatua kumi, unasimama mbele yake, unamwambia, Safwan, mie dada yako nakufukuza. Kwa mdomo wako."

"Nishakwambia hafungui!"

"Basi hayatamfika. Maneno ya kumtoa mtu nyumbani hayana miguu, mama. Mlikuwa mnataka miguu yangu."

Bi Kheiria akatazama mlango wa kutokea uani kama mtu anayetazama kisima. Miezi minane, hakuwahi kuvuka kile kizingiti. Mikono yake ndani ya glavu ilikuwa inatoka jasho, vidole vimekunjamana kwenye mpira kama vya maiti aliyetoka kuoshwa.

"Gari linakuja keshokutwa," akasema, lakini safari hii sauti haikuwa na meno.

"Lije. Mkinitaka na mie nilipande, nitalipanda, na siku ya akdi mtamtafuta mwengine wa kumimina. Mtu ambaye hamumwonei kinyaa."

"Unakwenda wapi? Jaifar! Babako anarudi sasa hivi!"

"Kwa mjomba."

"Si umesema humwambii?"

"Hilo la Sib simwambii. Namwambia ile alama nani kaipiga."

Lujain akaondoa mtandio usoni kwa mara ya kwanza. "Mwendawazimu wewe? Hajui kama ni wewe! Unaweza ukanyamaza tu!"

"Ndiyo," Jaifar akasema. "Nimenyamaza miezi minane."

Akachukua dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa. Halua akaiacha pale mezani, inaendelea kutoka mafuta. Akaupiga mlango wa uani kwa bega, joto likampiga usoni kama tanuri limefunguliwa, na nyuma yake mama yake bado anaita jina lake, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kama anaomba. Akatoka. Akaufunga mlango kwa kisigino.